Chini ya Sifuri

Tsiala alinigongea ukuta saa nne usiku,
mara tatu, kama mtu anayedai chake.
"Nodari, njoo ushike tochi. Umeme upo,
ila taa ya mezani nimeifungua nikatoa waya."

Ndivyo alivyo. Jengo letu la Kutaisi lina ghorofa tisa
na kila kinachokufa humo hupita mezani kwake
kabla hakijafika jalalani:
duara la feriti, jeusi kama zeituni,
alilolitoa kwenye kompyuta ya mwanangu;
waya wa shaba wa mota ya lifti,
lifti ile ile inayotutoza sarafu kupanda
na kutushusha bure.

Alitaka volti kumi na mbili juu ya sifuri
na kumi na mbili chini yake,
zote zitoke kwenye chaja ya simu
yenye volti tano tu, na hizo za kuombaomba.
Nikamwambia, tano haizai ishirini na nne.
Akasema, tano iliyotulia haizai.
Izibe, izibue. Izibe, izibue,
mara laki moja kwa sekunde.
"Ukifunga bomba la maji kwa ghafla, Nodari,
husikii linavyogonga ukutani?
Mgongo huo ndio ninaoutaka."

Akasokota. Mizunguko kumi ya kupokea,
ishirini na minne ya kupanda, ishirini na minne ya kushuka,
akihesabu kwa kunong'ona. Nilipopiga chafya
alifumua yote, akaanza upya,
wala hakunitazama.

Lehemu ikayeyuka, moshi wake ukatua
kwenye bakuli langu la mchuzi wa plamu.
Dayodi moja ikaelekea huku, ya pili ikaelekea kule,
kama watalaka wawili ndani ya lifti.

Akawasha. Upande wa juu: kumi na mbili na nukta.
Upande wa chini: pa!
Kapasita ilirusha kofia, ikatapika karatasi
na harufu ya samaki aliyeungua.

Kimya. Kisha akajipiga paji la uso.
"Nimeiweka kwa mazoea, mguu wa hasi kwenye sifuri.
Lakini huku chini, Nodari,
huku chini sifuri ndiye mkubwa."

Neno hilo limenikaa.
Mimi ninayedaiwa na benki na duka la mkate
namwonea wivu mtu asiye na kitu.

Kituo cha matetemeko kilipofungwa
alirudi nyumbani na mfuko mmoja.
Ndani, kopo la chuma lenye sumaku
na koili inayoning'inia: sikio la kutega ardhini.
Kwa umeme wa upande mmoja lilisikia nusu.
Ardhi ikiinuka, mchoro unaandikwa;
ardhi ikizama, mstari mnyoofu,
kama jibu la mtu anayeficha jambo.
Miaka minne ameuangalia mstari ule.

Saa nane usiku akatia kapasita nyingine, akaigeuza.
Mita ikasoma kumi na mbili.
Ikasoma kumi na mbili hasi.
Hakushangilia. Alinipa kopo na waya mrefu,
akaniamuru nilishushe chumba cha chini kabisa,
nilikalishe sakafuni, kati ya viazi na mitungi ya achari,
nisiliegemeze popote.

Sikuwa na sarafu. Nikarudi kwa miguu.
Ghorofa saba.

Nilimkuta ameinamia skrini.
"Ghorofa ya tano ulipumzika," alisema bila kugeuka.
"Na mguu wa kushoto unaukanyagia kwa woga.
Tangu lini?"

Sikujibu. Akaweka kidole chini ya mstari,
kwenye mabonde ambayo hayakuwahi kuwapo.
"Hapa juu ni wewe unapanda.
Na hapa, tazama,
hapa jengo linazama kidogo
likikubeba."